Mwaka Niliogombea Sufuria

Mke wangu alipofariki aliniachia nyumba ya kupanga hapa mtaa wa Seven Hills, binti mmoja anayeelewa Kiswahili chote na kunijibu Kiingereza chote, na sufuria kumi na saba zilizojaa gereji. Nyumba ni ya mwenye nyumba, binti ana maisha yake, na sufuria hazikuwa zetu. Zilikuwa mali ya chama.

Kwa asiyejua, shughuli ya Kiswahili haipikwi kwa sufuria za nyumbani. Harusi, hitima, maulidi, akika ya mtoto, zote zinataka sufuria ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani akaoga. Hapa Sydney utakodi hema, utakodi viti, ukitaka hata farasi utakodi, lakini sufuria ya kupikia kilo ishirini za mchele hupati kwa mtu. Kwa hiyo kina mama wa Mombasa, Unguja na Tanga walianza zamani kuzinunua moja moja, na nyingine zilikuja kwenye mizigo ya ndege zimejazwa kanga. Baadaye wakajiunga kina mama wa Kongo, ambao ni Wakristo na maulidi hayawahusu, lakini harusi zao zinakusanya watu mpaka unajiuliza nani kabaki Kongo. Anayeviweka vyombo vyote hivyo huitwa mtunza vyombo, na kwa miaka kumi na moja alikuwa mke wangu. Kila sufuria aliitia alama chini kwa rangi ya kucha, nyekundu, isije ikapotelea kwenye shughuli za watu.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana bila hicho hadithi hii ni ya mzee aliyechanganyikiwa. Yeyote aliyekuja kuchukua chombo kwetu aliitwa ndani anywe chai. Mtu alikuja kwa sinia mbili tu, akaondoka baada ya saa mbili, ameshakula, ameshacheka, na sinia amezisahau. Mke wangu alipotutoka waliendelea kuja, nami nikajifunza kupika chai ya maziwa, mbaya, wakainywa hivyo hivyo. Siku ambazo hakuna shughuli, nyumba nzima ilikuwa na sauti ya friji peke yake. Nikawa nahesabu: vyombo vikiondoka, na wageni wataondoka navyo. Niliiogopa sana siku hiyo.

Sasa mambo ya Marekani. Wenzangu wana mpira, mimi nina uchaguzi wa rais wa Marekani. Nilianza kuufuatilia kwenye chumba cha mapumziko cha ghala ninakoendesha foklifti, kwa sababu matokeo yao huku hutufikia Jumatano mchana, saa ya kula, na televisheni iko ukutani juu ya mikrowevu. Watu wengine huchagua mmoja wa wale vigogo wawili. Mimi moyo wangu huenda kwa yule wa tatu, asiye na chama kikubwa: daktari fulani, mwalimu fulani, mtu anayezunguka kwa baiskeli kuwaambia watu ukweli. Kila uchaguzi nina wangu, na kila uchaguzi wangu anaambulia patupu. Mke wangu alikuwa ananipigia simu kazini makusudi.

"Wako kapata majimbo mangapi?"

"Bado hajapata."

"Mwambie basi aje ale, ubwabwa upo."

Rafiki yangu mmoja wa Bukavu, tunayefanya naye kazi, alikuwa haelewi. "Mzee, huyu mutu wako batu banamupenda. Juu ya nini anashindwa kila mara?" Nikiulizwa hivyo siachi mpaka kengele ya kurudi kazini ilie. Nilimweleza kwamba kule hawahesabu nchi nzima kama kapu moja. Kila jimbo ni kapu lake, na karibu majimbo yote anayeongoza hubeba kapu zima, hata akiongoza kwa kura moja. Anayependwa kiasi kila mahali hana kapu hata moja. Na kabla hajafika huko, lazima jina lake liingie kwenye karatasi ya kura, na kila jimbo lina sheria zake na idadi yake ya saini, kwa hiyo wenzake wanahutubia na yeye bado yuko mlangoni kwa watu anaomba saini. Halafu kuna midahalo. Huingizwi mpaka uonekane unapendwa na wengi, na hupendwi na wengi mpaka uonekane kwenye midahalo. Hata ikitokea amewazuia vigogo wote wawili wasifike nusu, uamuzi unapelekwa bungeni, na bungeni wamekaa watu wa vyama vile vile viwili. Lakini kubwa kuliko yote ni hofu. Mtu anamsifu huyu wa tatu, anamwombea dua, halafu akishika kalamu anajiuliza: nikimpa huyu, si nitakuwa nimemsaidia yule nisiyemtaka kabisa?

"Lakini kuko bageni ba politiki benye balishinda kule," rafiki yangu alisema. Hakuwa mjinga.

"Walipanga chumba kwenye nyumba kubwa," nilimjibu. "Waliingia chama kikubwa wakakiteka kwa ndani. Wangejenga kibanda chao pembeni, wasingefika popote."

Nilikuwa na maneno matamu namna hiyo. Yamenirudi.

Mwaka mmoja na miezi baada ya msiba, kina mama waliniita kwenye mkutano Merrylands. Walinishukuru kwa kuvitunza vyombo, wakasema kwa upole, huku wakinijazia sahani, kwamba umefika wakati wa kuchagua mtunza vyombo mpya. Ubishi ukaanza hapo hapo. Wanachama walikuwa thelathini na moja, kumi na wanne kati yao wa Merrylands, tisa wa Macquarie Fields na wanane wa huku kwetu Seven Hills. Mama mmoja wa Macquarie Fields alisema kura zikipigwa kwa kichwa, Merrylands watachukua kila mwaka na wao watabaki kuosha. Pakawa na zogo. Ndipo mmoja akasema, "Si huyu hapa shemeji, bingwa wa chaguzi? Atupangie yeye."

Kifua kikanijaa. Ningeweza kuwaambia chochote. Ningeweza kuwaambia wafanye kama serikali ya hapa Australia inavyofanya, kila mtu anaandika moja, mbili, tatu, na wa kwanza wako akiangushwa kura yako inahamia kwa wa pili. Kwa mfumo huo nimepiga kura miaka nenda rudi. Lakini mwenye mapenzi haambiwi. Nikawapangia ya Marekani, kila mtaa na kapu lake, na atakayeongoza mtaa abebe kapu zima. Nikaongeza na sharti la saini: mgombea adhaminiwe na kina mama watatu wa kila mtaa. Walinipigia makofi. Nilikaa nikaifuta miwani.

Wakajitokeza wawili. Wa kwanza alikuwa mama wa Mombasa anayeishi Merrylands, mpishi ambaye harusi isipopikwa na yeye watu huuliza kuna ugomvi gani. Wa pili mama wa Kongo wa Macquarie Fields, mtunza wazee, mwenye sauti ya kwaya inayosikika mpaka stesheni. Nilipoona orodha inataka kufungwa, niliona gereji yangu tupu, na mkono wangu ukapanda wenyewe.

Mtu akacheka, akajikohoza.

"Shemeji," mama wa Mombasa alisema, "wewe wataka vyombo vya nini?"

Nikasema nina gereji kavu, nina gari kubwa, na orodha yote ninayo kichwani. Sikusema la friji. Hakuna mwanamume aliyewahi kuwa mtunza vyombo, si hapa wala kwetu, lakini sheria niliyoitunga haikumkataza. Wakaandika jina langu wakitazamana.

Binti yangu nilipomwambia kwenye simu alisema, "Dad, no." Rafiki yangu wa Bukavu alikuwa na ushauri zaidi. "Enda kwa ule mama wa Mombasa, umuombe akuweke makamu. Vyombo vitabakia mu garage yako. Ingia mu nyumba kubwa, si weye ulisema?" Alikuwa amesema kweli tupu, na nilimkasirikia siku mbili. Mimi kuwa makamu! Nitasimama mwenyewe, kwa jina langu.

Saini za Seven Hills nilizipata kwa dakika ishirini. Merrylands ziliniyeyusha. Nyumba ya kwanza niliulizwa masala ya pilau yanaanza na nini, nikajibu, nikasahihishwa. Nyumba ya pili mama alitaka kwanza amuulize mumewe, mumewe akataka kwanza aniulize mimi kama nina akili timamu. Macquarie Fields hawakuniuliza kitu, walinilisha. Kule saini haitolewi kavu kavu. Kila nyumba ilinitilia fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, na kila nyumba iliapa kwamba sahani ya nyumba iliyopita haihesabiki. Nilizunguka nyumba nne kwa saini tatu. Nilirudi nyumbani kiti cha gari nimekisogeza nyuma kabisa, usukani nikiugusa kwa vidole.

Wakati mimi nahangaika na saini, wenzangu walikuwa wanafanya kampeni mahali pazuri kuliko pote. Kulikuwa na harusi Merrylands, na siku ya kumpaka bibi harusi hina wanachama wote walikutana pale, vichwa wazi, wakichagua mchele na kumenya vitunguu thomu. Hapo wagombea wangeeleza sera zao. Mwanamume haingii. Nilisimama nje mlangoni, kwenye viatu walivyovua, nimeshika begi la nyama niliyotumwa, nasikia vicheko na vigelegele ndani na sijui vya nani. Huo ndio ulikuwa mdahalo.

Ilibidi nimtume jirani yangu. Huyu ni mama wa Unguja, anakaa mtaa wa nyuma ya kwangu, rafiki mkubwa wa mke wangu, na kila Alhamisi alikuwa haachi kupita kwangu, ana haja ya sufuria au hana. Nilimpa hoja zangu sita. Baada ya nusu saa alitoka, mikono yote ina hina.

"Nimekusemea."

"Umesema nini?"

"Nimesema una gereji kavu."

"Basi?"

"Na kwamba chai yako inaendelea vizuri."

Nikamwambia hizo ni hoja moja na nusu, nyingine ziko wapi? Akasema wanawake walikuwa wanaimba.

Hata hivyo nilikuwa na matumaini, na hilo ndilo ninaloona haya kulisema. Kila mahali walinipenda. Madukani Merrylands walinisimamisha, wakaniambia shemeji tuko nyuma yako. Mama mmoja wa Kongo alinishika mkono kanisani kwao, nilikoenda kwa harusi, akaniambia, "Baba, roho yangu iko kwako. Lakini nikikupa weye, ule wa Merrylands si atatupita?" Nikamjibu kwa tabasamu kubwa, kama mgombea. Nilifika kwenye gari ndipo nikasikia alichosema. Ni yale yale niliyomweleza rafiki yangu, neno kwa neno, na safari hii wa tatu nilikuwa mimi.

Kura zilipigwa Jumapili mchana ndani ya hotipoti tatu, kila mtaa na yake. Walinipa heshima ya kusoma, kwa kuwa mimi ndiye mtunga sheria. Merrylands: mama wa Mombasa wanane, mimi watano, mama wa Kongo mmoja. Macquarie Fields: mama wa Kongo watano, mimi watatu, mama wa Mombasa mmoja. Sauti yangu ilikuwa bado imesimama. Seven Hills, kwetu, wanawake wanane ambao wote wamewahi kukaa kwenye kochi langu: mama wa Mombasa wanne, mimi watatu, mama wa Kongo mmoja.

Watu kumi na mmoja kati ya thelathini na moja walinitaka, wa pili kwa jumla, nikimpita mbali mama wa Kongo. Makapu nikapata sifuri. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilikichimba kwa makofi.

Mama wa Mombasa alikuja kunipa pole, akiwa na huruma ya kweli usoni. "Shemeji, kwani hapa hawaandiki moja, mbili, tatu? Mimi wa pili wangu ungekuwa wewe." Mama wa Kongo akadakia, "Na mimi pia. Na bale batu saba benye balinipa, bote!" Nikapiga hesabu kichwani pale pale: saba juu ya kumi na mmoja, kumi na nane. Ningeshinda. Niliwatazama, wao wakanitazama, tukaanza kucheka mpaka mtu akaniletea maji. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nikampa mshindi mkono, nikaenda nyumbani.

Jumamosi iliyofuata vani ilikuja kuchukua vyombo. Nilivitoa mwenyewe, sufuria juu ya sufuria, masinia, mabirika, miko mirefu kama makasia, nikahesabu mbele ya kina mama waliokuja na vani, havikupungua. Vani iliondoka saa nne asubuhi. Gereji ilibaki na fagio na duara za vumbi sakafuni, na nikasimama pale kwa muda ambao sitausema. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa na huzuni, basi.

Jirani yangu wa Unguja hakupanda vani. Aliingia jikoni bila kuulizwa, akapika chai mwenyewe, akaniita nikae.

"Shemeji, nina jambo. Mimi sikukupa kura."

Wale wanne wa Seven Hills! Nilikuwa nimeshawakagua wote kichwani, mmoja mmoja, na yeye peke yake nilimruka. Nikamuuliza ni ile hofu ya kupoteza kura? Akasema hapana. Ni chai? Akasema chai ni mbaya kweli, lakini si chai.

"Mkeo alituita hospitali," alisema. "Mimi na wenzangu watatu, hawa hawa wa huku. Wiki ile ya mwisho, alipokuwa bado anaongea. Akatuambia: nikiondoka, mwacheni navyo mwaka mmoja apoe, kisha mvichukue. Msimwachie vyombo. Mkimwachia atakaa gereji kungoja watu, mtu akija atajiona amepona, mtu asipokuja atakaa tu. Vipelekeni mbali. Gari analo, atavifuata."

Nilikiweka kikombe mezani.

"Tulimwahidi," alisema. "Halafu wewe ukanyoosha mkono. Unajua jinsi tulivyohangaika?"

Miaka yote nimeeleza kwa nini yule wa tatu hashindi. Nimetaja makapu, saini, midahalo, bunge, hofu. Sikuwahi kufikiri kwamba mgombea anaweza kuwa ameangushwa mapema, kabla hata hajajua atagombea, na mtu anayemjua kuliko anavyojijua, akiwa amelala kitandani na mpira wa dripu mkononi. Nilicheka. Nikacheka tena, na cheko la pili likabadilika njiani, na jirani akageuka kutazama dirishani mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo kura yako ulimpa mama wa Mombasa," nilisema.

"Niliandika jina lake," alisema. "Kura nilimpa mkeo."

Kisha akasimama, akaosha vikombe, akaniambia Jumamosi ijayo kuna akika ya mjukuu wa mtu huko Merrylands, kilo arubaini za mchele, na mtunza vyombo mpya ametuma salamu kwamba anataka mtu mwenye mgongo. Nifike saa moja asubuhi na nisivae shati jeupe.

Nilifika kabla ya saa moja. Hakuna aliyeshangaa. Walinipa kisu, kiti kifupi na ndoo ya vitunguu, nikakaa uani katikati ya wanawake sita, tunakata na machozi yanatutiririka sote, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nalia nini.